Dawa ya Paka kwa Kipimo cha Suti

Kwa heshima na taadhima zote, wapenda nguo, wapenda paka, na wale wasiopenda chochote wanaarifiwa kwamba Mama Pindo, fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja sasa, mwanamke ambaye hajawahi kumnyima mteja sentimita mbili za ziada kiunoni, amejiteua kuwa daktari. Hakufanya mtihani. Hakula kiapo. Alifungua mfuniko wa kopo, akanusa, akapiga chafya, na udaktari ukaanza hapo hapo. Mgonjwa wake alikuwa mmoja tu, mwenye miguu minne na dharau.

Mgonjwa huyo aliitwa Meneja. Cheo hakupewa na mtu. Miaka tisa nyuma aliingia chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana, akapanda meza ya kukatia, akajilaza juu ya koti la bwana harusi ambalo halikuwa hata na mikono, akatazama kazi inavyokwenda kwa macho ya mtu asiyeridhika, kisha akasinzia.

"Huyu ni meneja kabisa," mdogo wake Mama Pindo alisema. "Hafanyi kazi, na bado anatusimamia."

Jina likashika. Mdogo mtu mwenyewe alikuwa karani wa maktaba, na walikuwa wakiishi pamoja wawili, pamoja na meneja wao. Watoto wa Mama Pindo walishakua wakaenda zao. Mume naye alikwenda zake zamani, na mwanamke wa duka la mapazia, jambo ambalo Mama Pindo husema lilimuuma sana kwa sababu mapazia yenyewe yalishonwa ovyo.

Kikohozi kilianza msimu wa sare za shule, wakati karakana imejaa kitambaa cha buluu mpaka mlangoni. Meneja alikuwa akijikunja chini, anainyoosha shingo kama mtu anayetafuta sarafu uvunguni, anakohoa kikohozi kikavu mara nne, mara tano, halafu anameza mate na kumtazama kila mtu kana kwamba waliokohoa ni wao.

"Ni manyoya tu yamemkaba," Mama Pindo alisema wiki ya kwanza.

"Hayo manyoya yanatoka lini?" mdogo wake aliuliza wiki ya tatu. Ni mtu aliyezoea kunyamazisha watu kwa kazi, na paka asiyenyamaza alimkera kitaaluma. "Dada, mpeleke kwa daktari."

"Nitampeleka."

Hakumpeleka. Kulikuwa na jambo alilolijua na hakutaka kulisikia likisemwa na mtu mwenye koti jeupe. Meneja alikuwa akikohoa zaidi mezani. Kila Mama Pindo alipochora mstari kwa chaki, akakung'uta kitambaa, puu, vumbi jeupe likapanda, ndipo paka alipojikunja. Daktari angeuliza, yeye angejibu, na hukumu ingekuwa moja: paka ahame. Hata pa kuhamia palikuwa pameshapatikana. Mfanyakazi mwenza wa mdogo wake kule maktaba ana nyumba yenye baraza pana, na alishasema mara mbili, "Mnipe mimi huyo, mimi sishoni." Miaka tisa mtu anakata nguo huku anatazamwa na macho yale yale mawili ya kijani, halafu aambiwe atazame ukuta? Hapana. Afadhali kuwe na dawa.

Dawa ilikuja mlangoni yenyewe, imevaa tai. Mtaa mzima ulimwita Afya Tele. Zamani aliuza bima, kisha akauza vichujio vya maji, na sasa aliuza virutubisho kutoka kwenye mkoba unaofunguka kwa mlio kama wa bastola.

"Huu unga ni wa watu au wa paka?" Mama Pindo alimwuliza.

"Mama yangu, afya haina ubaguzi."

"Kopo limeandikwa mtu mzima kijiko kimoja."

"Na paka ni nini basi? Paka ni mtu mfupi mwenye mkia." Akapanga mezani kopo la unga wa kijani, chupa ya mafuta ya samaki, na kichupa cha matone ya kitunguu saumu. "Hivi vitatu vikienda pamoja, kikohozi kinaomba radhi."

Sasa tatizo likawa kipimo. Mtu mwingine angeuliza. Mama Pindo alichukua futi yake shingoni, akampima Meneja kifua, mgongo na urefu wa mguu, naye Meneja akavumilia kama mteja aliyeshalipa. Kisha fundi akapiga hesabu. Suti ya mtu mzima inakula mita tatu. Meneja, akishonewa suti, angekula robo mita. Kwa hiyo kijiko cha mtu mzima kwa paka ni sehemu moja ya kumi na mbili. Mpaka hapo, mtu angeweza kumsamehe. Lakini hakuna fundi mwenye akili timamu anayekata bila kuacha ziada ya mshono, kwa hiyo akaacha ziada. Halafu mteja anaweza kunenepa, kwa hiyo akaacha na ya kufumulia baadaye. Alipomaliza kuachia, sehemu ya kumi na mbili ilikuwa imeshanona ikawa nusu kijiko cha kila kimoja katika vile vitatu, asubuhi na jioni. Akaandika yote kwenye kitabu cha vipimo, ukurasa mmoja na koti la mkurugenzi wa benki.

Siku ya nne Meneja alianza kujikuna masikio. Siku ya sita alijikuna shingo mpaka manyoya yakatoka na ngozi ikawa nyekundu. Alitapika kijani. Kikohozi, badala ya kuomba radhi, kiliongeza sauti.

"Inafanya kazi," Afya Tele alisema akipita. "Sumu inatoka."

"Inatoka mpaka lini?"

"Mpaka iishe, mama."

Aliyeifichua siri alikuwa Mwalimu Mkuu. Alikuja mchana na suruali mikononi, ameishika mbali na mwili, kwa vidole viwili.

"Fundi, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini nimekaa kikao cha wazazi kwa saa mbili, na safu nzima ya mbele wananiuliza nimekula nini."

Mdogo mtu aliinusa suruali. Mfuko wa nyuma ulinuka kitunguu saumu. Meneja, kumbe, alikuwa akikubali matone kwa adabu zote, anayashikilia shavuni, kisha anakwenda kuyatema kwenye nguo zilizokunjwa tayari kuchukuliwa. Suruali ikapokelewa upya kwa kuombwa msamaha, na mlango ukafungwa.

"Dada. Unampa nini huyu?"

Mama Pindo akafungua droo. Makopo yakatazamana na mdogo wake.

"Wewe! Paka wa kilo nne unamlisha duka zima?"

"Nilimpima."

"Kwa nini?"

"Kwa futi," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, akakaa chini.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwenye mabuti ya matope, maana asubuhi hiyo alikuwa ametoka kuzalisha ng'ombe. Alimsikiliza Meneja kifua kwa muda mrefu, akamtazama fizi, akatoa damu kidogo ya kupima, kisha akasoma kitabu cha vipimo. Akakisoma tena.

"Mama, samahani. Hii ni dawa au ni sare?"

"Endelea kusoma," mdogo mtu alisema. "Utafika kwenye ziada ya mshono."

Daktari alicheka mpaka akafuta macho. Alipofika kwenye kitunguu saumu aliacha kucheka.

"Hiki ni hatari kwa paka, mama. Kinaharibu damu. Fizi zake hazijapauka, na damu tutaiona, lakini kilichomwokoa ni huko kutema mlikoniambia." Meneja, aliyekuwa amekalia mizani, alipepesa macho kwa utulivu wa mtu aliyejua tangu mwanzo. "Na kifua chake kinapiga filimbi. Haya siyo manyoya, nadhani ni pumu. Tutampiga picha tuhakikishe. Sasa niambie, anakohoa zaidi akiwa wapi?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Mama Pindo aliitazama futi yake. Angeweza kusema uani. Angeweza kusema jikoni, na jikoni kusingekataa. Meneja akajikunja juu ya mizani, akakohoa mara tatu, na sindano ya mizani ikacheza naye.

"Mezani kwangu," alisema. "Nikikung'uta chaki."

"Umelijua hilo lini?"

"Wiki ya kwanza."

Mdogo wake alivuta mkoba wa dada yake uliokuwa unaanguka magotini, akaushika yeye.

"Mtasema ahame," Mama Pindo alisema.

"Sijasema ahame. Vumbi ndilo lihame." Daktari akaandika vidonge vya kifua, akavisukuma mezani. "Hivi siku kumi na nne, kwa kipimo changu, mama, siyo cha mita. Lakini vidonge peke yake havishindani na chaki. Baada ya wiki mbili nikisikia bado filimbi, basi tutazungumza habari za kuhama. Na haya makopo yote matatu, acha leo. Mmoja katika hawa ndiye anayemkunisha, ila kwa kuwa umeyaanza yote siku moja, hatujui nani."

"Ni kama kubadilisha kola, mikono na pindo kwa mpigo," Mama Pindo alisema taratibu. "Koti likikaa vibaya utamlaumu nani?"

"Hapo sasa. Ikitokea siku tukataka kumwongezea kitu, ni kimoja, na uniulize kwanza. Kitunguu, kamwe."

Majibu ya picha yakaja vile vile, pumu, na damu ikarudi salama. Zikaanza wiki mbili ambazo nyumba ile haijazisahau. Chaki ilifungiwa kabatini. Mama Pindo alirudi kwenye ujanja wa bibi aliyemfundisha kazi: kuchora nguo kwa kipande chembamba cha sabuni kavu, ambacho hakitoi vumbi na kinatoka kwa pasi. Kila sabuni ya nyumba iliyopungua ilitwaliwa.

"Dada, naoga na nini?"

"Oga na iliyobaki."

"Iliyobaki iko kwenye bega la mkurugenzi wa benki!"

Nguo zilikung'utwa nje. Vipande vilivyobaki, ambavyo Meneja alivifanya kitanda, viliwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Meza ilipanguswa kwa kitambaa kibichi asubuhi, mchana na kabla ya kufunga, na ufagio ukaachishwa kazi. Meneja alipewa rafu karibu na dirisha, na taulo linalofuliwa kila Jumamosi. Siku mbili alilitazama taulo lile kama mtu aliyehamishiwa tawi la mbali. Siku ya tatu alilikalia.

Na kwa kila kikohozi, Mama Pindo alichomeka pini moja yenye kichwa chekundu kwenye mto wa pini. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na moja. Siku ya tano, saba. Siku ya sita Meneja hakujikuna hata mara moja, na Mama Pindo alisimama mlangoni akamwambia mpita njia asiyemfahamu, "Leo hajajikuna," yule mtu akasema hongera, akaongeza mwendo. Siku ya tisa, pini mbili.

Siku ya kumi na mbili, pini tisa.

Mama Pindo alipiga magoti akanusa meza. Hakuna kitu. Akanusa rafu. Akanusa pasi. Kisha akamnusa mdogo wake.

"Umepuliza nini humu?"

Mwalimu Mkuu alikuwa anakuja kuchukua suruali, na mdogo mtu, kwa ajili ya heshima ya nyumba, alikuwa amepuliza manukato ya chumba, yale ya kopo, harufu ya ua ambalo halijawahi kuota popote duniani. Alimtazama Meneja amejikunja kwenye rafu, akalichukua kopo lile bila kuambiwa, akatoka nalo mpaka pipa la taka la mwisho wa mtaa, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Ni vumbi," alisema.

"Humu hakuna vumbi," dada yake alimjibu, akamsogezea kiti. Walikaa madirisha yakiwa wazi, wakihesabu kwa masikio, mpaka Meneja akaacha.

Siku ya kumi na nne mto ulikuwa na pini moja. Daktari alisikiliza kifua mbele, akasikiliza nyuma, akarudia mbele. Mama Pindo alikuwa ameizungusha futi mkononi mpaka ikaisha.

"Filimbi imebaki kidogo sana," daktari alisema. "Tutapunguza vidonge polepole, na pumu haiishi, utaishi nayo ukiiangalia. Lakini abaki kazini."

Mdogo mtu alimpigia simu mwenzake wa maktaba palepale, akamwambia kwa sauti ambayo kwayo angemtoza mtu mwingine faini maktabani, kwamba nafasi ya baraza haina tena mwombaji.

Habari husafiri. Asubuhi iliyofuata Afya Tele alisimama mlangoni na tai mpya, simu ameiinua juu, inarekodi. Kwenye rafu Meneja alikuwa akijilamba makucha, manyoya ya shingo yameanza kurudi. Mama Pindo alikuwa mezani, sabuni mkononi, anachora mkono wa koti.

"Ndugu watazamaji!" Afya Tele alinguruma. "Mnamwona mama! Mnamwona paka! Paka huyu alikuwa na mguu mmoja kaburini, sasa yuko kazini! Makopo matatu, ndugu zangu, matatu tu! Mama Pindo, shujaa wetu, usiifiche siri, iambie dunia nzima: ni nini kilichomponya Meneja?"

Mama Pindo alimaliza mstari wake kwanza, mpaka kiwiko.

"Kitambaa kibichi," alisema. "Na daktari. Hebu toka mlangoni, unaingiza vumbi."