Kitabu Nilichoogopa Kukiuza Kajiado

Mwaka niliochapisha kitabu kwa gharama yangu mwenyewe, niligundua kwamba kukiandika ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Maboksi yalipofika kutoka kwa mchapaji, dereva aliyapanga sebuleni kwangu Kitengela, nami nikayafanya meza. Nilikula juu yake, nikapiga pasi juu yake. Jirani wa mlango wa pili akachungulia, akauliza kama nimeanza kujenga, maana alidhani ni vigae. Nikamwambia ndiyo, ni vigae. Hebu fikiria muuzaji wa namna hiyo.

Sikuwa na haya ya kuuza. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na sura ya mtu mmoja, naye ni baba yangu.

Kitabu kilihusu familia yetu na shamba tulilokuwa nalo hapa hapa Kitengela, kabla halijakatwakatwa na kujengwa. Nyumba ninayokodi leo iko karibu kabisa na mahali ng'ombe wetu walipokuwa wakilala, na kila mwezi ninalipa kodi nikilijua hilo. Baba aliliuza tukiwa bado shuleni, akatuhamishia ng'ambo ya mji wa Kajiado. Katika sura ya nne niliandika kwamba wanunuzi kutoka mjini walimdanganya. Niliandika kwa uchungu na kwa mapenzi, na sikutaja jina la mtu yeyote. Lakini Kajiado jina halihitajiki. Ukitaja tu shamba lenye bwawa na mzee aliyeliuza, kwenye mnada wa mifugo wote wataanza kutikisa vichwa.

Baba alijua kuwa ninaandika mambo ya zamani, na alikuwa amejisifu nayo kanisani. Alikuwa hajasoma hata ukurasa mmoja. Kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza kitabu kimefika wapi, nami nikamjibu kuwa bado kinasahihishwa. Kilikuwa kimeshachapishwa, nami nilikuwa nikipiga pasi mashati juu yake.

Nilijiunga na darasa la mtandaoni la waandishi wanaojichapishia. Mwalimu, mama mmoja mwenye sauti ya kuchangamka kupita kiasi, alituambia siku ya kwanza kwamba soko la kwanza la mwandishi ni nyumbani kwake, kwa watu wanaomjua, kanisa lake, shule aliyosoma. Wenzangu wote wakaandika amina. Mimi nikatoa ramani ya kaunti na kuanza kutafuta mahali nisipojulikana.

Nilianzia Kiserian, siku ya soko, nikatandika vitabu kando ya mama wa mitumba. Watu walivifunua, wakauliza kama viko kwenye silabasi, wakavirudisha. Namanga nilifanya vizuri zaidi, kwa sababu pale mpakani maajenti na madereva wa malori hungoja karatasi zao kwa saa nyingi, na mtu anayengoja hununua chochote chenye maneno. Hilo ni somo ambalo ningempa mwandishi yeyote: peleka kitabu mahali watu wamekaa bila la kufanya. Kimana nilialikwa na kanisa la wakulima wa vitunguu, nikapewa dakika chache baada ya matangazo, nikauza vichache na kurudi na gunia la vitunguu nisilojua nilifanyie nini.

Mengine niliyajifunza kwa kuumia. Rafiki akikuambia, "Si unipatie yangu," mjibu kuwa yake ipo, na utaje bei kabla hajamaliza kucheka. Usimwachie mwenye duka vitabu kabla hamjakubaliana ni nani atabeba hasara ya vile vitakavyoliwa na vumbi. Weka nambari yako ya simu ukurasa wa mwisho, maana mtu akimaliza kusoma usiku akiwa na moto moyoni, asubuhi moto umezimika.

Kwa upande wa bei nilikuwa mgonjwa. Nilianza na mia nane. Nikishaitaja, mtu akinyamaza kidogo tu, labda anatafuta pochi, labda anawaza watoto wake, mdomo wangu ulishanitangulia: lakini wewe nitakupunguzia. Ikawa mia sita. Ikawa mia tano, pamoja na kalamu ya bure. Mwalimu wa mtandaoni alisema bei ni ujumbe, na kwamba ukishusha kila wiki unamwambia msomaji kuwa hata wewe mwenyewe hukiamini. Nilimchukia siku hiyo kwa sababu alikuwa akisema kweli. Nililala vibaya, nikaamka na kutangaza ofa kwenye status ya simu yangu.

Halafu simu ikaja. Ilikuwa asubuhi, nambari nisiyoijua, sauti ya mwanamume mwenye haraka.

"Madam, zile vitabu zako zimeisha. Uniletee zingine," akasema. "Niko hapa Kajiado, stationery karibu na stendi."

Nilimwambia amekosea nambari, kwa maana sijawahi kuuza kitabu Kajiado. Akanisomea jina la kitabu, kisha nambari yangu kutoka ukurasa wa mwisho, ule ukurasa niliojivunia. Ikaeleweka kwamba mwenzangu wa kanisani, anayefanya kazi ofisini Kajiado, alikuwa amenunua rundo zima wakati wa ofa, akampelekea huyo bwana ili kunisaidia. Mwenzangu huyo alitaka kunipa habari njema baadaye. Nikauliza vimenunuliwa na nani. Mwenye duka akasema kimoja alichukua mzee mmoja mrefu, wa kofia ya kahawia, mwenye kukohoa kabla ya kuongea. Siku iliyofuata mzee akarudi na kununua vyote vilivyobaki.

Nilikaa juu ya boksi. Kofia ya kahawia mimi ndiye niliyemnunulia baba, Krismasi.

Nikaondoka siku ileile kwenda nyumbani. Njiani nilipanga maneno ya kujitetea, nikayapangua. Akilini nilimwona akivichoma nyuma ya zizi. Nilimwona akivichukua ili wenzake wa mnadani wasimsome. Kilichoniogopesha zaidi ni jambo dogo: kwamba angenipokea kwa heshima, kama mgeni.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti chake cha plastiki, akiwatazama mbuzi wakinywa maji. Nikainamisha kichwa kumsalimu, akakigusa kama kawaida, lakini hakuniuliza habari ya safari. Mama akaleta chai na kurudi ndani haraka mno, nikajua ameshaambiwa. Kwenye stuli palikuwa na kitabu changu, miwani juu yake, na vingine vimefungwa kwa gazeti na kamba ya sisali.

Akakohoa. Akaniambia amekisoma chote, sehemu nyingine mara mbili. Sura ya bibi imemchekesha. Ile ya ukame nimeandika vizuri, ingawa ng'ombe aliyekufa kwanza hakuwa yule. Nikangoja. Chai ilikuwa moto, nikainywa hivyohivyo.

"Umesema walinidanganya," akasema.

Nikasema ndivyo nilivyosikia nikiwa mtoto, na kwamba sikutaka kumwaibisha. Akainua mkono kunikatiza.

"Mtu wa kudanganywa ni mjinga. Mimi nilikuwa najua bei ya hiyo shamba. Hao watu walikuja, wakatembea, wakaona bwawa. Nikataja bei. Wakanyamaza. Mimi nikafikiria wataenda, na school fees zenu nitatoa wapi? Nikapunguza. Wakanyamaza tena, nikapunguza tena. Hakuna mtu aliniomba nipunguze, mtoto wangu. Hakuna aliyenidanganya. Niliogopa tu."

Aliyasema hayo akiwatazama mbuzi. Sijawahi kumsikia baba yangu akitumia neno hilo kwa habari yake mwenyewe. Nikalia pale mbele ya chai, mwanamke mzima.

Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kisha akasema ni kweli vile vingine alivinunua ili wazee wa mnadani wasivione. Alikusudia kuvichoma. Lakini alipofika nyumbani akaanza kusoma tena, akaona kama ataficha, ataficha hadi lini, na mimi nimeshafika Namanga. Kuuza shamba hakumwaibishi tena, wengi waliuza. Kilichomuuma ni kufanywa mtu asiyejua alichokuwa akifanya.

Nikamwahidi kwamba nitaiandika upya ile sura. Akauliza nimebakiwa na vitabu vingapi. Nikasema maboksi yamejaa sebule.

"Basi uza hizo kwanza. Uandike ukweli kwa zile zingine." Akavaa miwani, akageuza kitabu nyuma. "Huyo wa stationery aliniuzia mia tano. Ni wewe ulisema mia tano?"

Nikaeleza habari ya ofa, ya soko gumu, ya watu kutosoma. Nikaongea kwa muda mrefu, hata kalamu ya bure nikaitaja.

"Kuna mtu alikuomba upunguze?"

Nikafikiri. Nilipitia akilini nyuso zao wote, mama wa Kiserian, dereva wa lori, wakulima wa Kimana. Wachache waliomba, kama watu wanavyoomba sokoni. Wengi walikuwa wamenyamaza tu.

Baba akaivua miwani. Alinikabidhi vile vilivyofungwa kwa gazeti, akabaki na kile alichokuwa ameandika pembezoni kwa penseli, na akaniambia nipitie mjini kabla duka halijafungwa.

Mwenye duka alikuwa kijana mnene mwenye tai, nyuma ya kaunta iliyojaa madaftari na chati za ukutani. Alifurahi kuniona, akasema kuna walimu wawili wameulizia. Nikafungua kamba ya sisali, nikavipanga mbele yake. Akauliza ni bei ile ile.

Nikasema hapana. Kwake ni mia sita na hamsini, naye auze mia nane, na visivyouzwa baada ya miezi mitatu nitavichukua mwenyewe.

Akanyamaza.

Alikichukua kimoja, akakipima mkononi. Akafunua katikati, akafunga. Akatazama nje, kule stendi, ambako mtu alikuwa akipakia viazi. Niliyasikia maneno yakipanda, lakini wewe nitakupunguzia, yalifika hadi nyuma ya meno. Nikashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nikayafunga meno, nikangoja aseme yeye.