Kiganja cha Salama

Salama binti Athmani alikuwa na mikono mifupi, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote kuanzia Kipini hadi Ndera, mto mzima. Kwa muuza nguo wa zama zile, mkono mfupi ni neema, maana nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Lakini wateja nao si wajinga. Walioteremka na mitumbwi ya mpunga hadi dukani kwake Kilelengwani walikuja na ndugu yao mwenye mkono mrefu kuliko wote, ili yeye ndiye apime. Bibi Mwanaarusi wa Ndera alikuja na mwanawe Buya, pande la mtu, ambaye akinyoosha mkono mara nne jora zima linanywea.

Basi hapo ni mabishano, vicheko na kutukanana kwa heshima hadi jua la utosi. Mwisho Salama alilaza kiganja chake juu ya nguo, mbele ya alama ya Buya, akakata hapo. Kile kiganja kilikuwa cha bure. Marehemu mumewe Faki ndiye aliyeuanza mtindo huo, na watu waliupenda kuliko nguo yenyewe.

Na nguo zenyewe zilikuwa zipi? Kaniki nyeusi na merikani ngumu, basi. Ukivaa unalimia, ikichanika unabebea mtoto.

Vita vya Witu vilipokwisha na njia kutulia, Salama alikwenda Lamu kununua mali. Akakuta harusi. Wanawake wamejitanda leso zenye maua mekundu, wanapita wananukia, na yeye kasimama ukutani na kaniki yake. Moyo ukamuuma. Hakuona wivu, aliona hasira. Wanawake wa mtoni ndio wanaolima mpunga unaoliwa kwenye harusi hizo, kisha wao wavae kiza mpaka kaburini? Dukani kwake kaniki ilikuwa imekwisha, na siku ile ile alirudisha kila jora la kaniki na merikani alilokwisha kununua, akachukua leso tupu.

Leso za siku hizo zilikuja zimeshikana kwenye jora, kitambaa cha mraba baada ya kitambaa. Unakata sita, unazigawa tatu tatu, unashona ubavu kwa ubavu, unajitanda. Salama alirudi nazo, akapaka duka chokaa, akatandika mkeka mpya mlangoni. Leso moja ya kujitanda aliitakia mpunga maradufu ya ule wa kaniki.

Majirani walikuja kutazama, na kutazama hakulipiwi. Walishika, walisifu, walikwenda zao. Darmi, mama wa Kiorma aliyezoea kuleta samli, aliigusa leso kwa mgongo wa kidole asije akaipaka mafuta. Akasema ni nzuri, akauliza kaniki iko wapi. Alipoambiwa hakuna, alibeba kibuyu chake akaondoka. Wazee wakamtupia Salama ile ya usiache mbachao kwa msala upitao. Wengine wakanong'ona kwamba siku hizi pua yake iko juu.

"Pua yangu iko pale pale aliponiwekea Mungu," Salama aliwajibu. "Ngojeni mitumbwi ya mavuno."

Alisema hivyo kwa sauti, na aliamini. Lakini alijua pia kwamba kule Kipini yuko mwenye duka la kaniki, na mto hausimami Kilelengwani. Mitumbwi ikimpita msimu huu, hana cha kununulia mali msimu mwingine.

Ikaja. Wa kwanza kushuka alikuwa Mwanaarusi, na Buya nyuma yake. Mitumbwi mingine ikakaa majini ikingoja kuona bibi atafanya nini, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaongoza miaka yote. Bibi alifika mlangoni, akautazama mkeka, akaitazama miguu yake yenye matope, akasimama nje.

"Shikamoo, mama. Pita ndani."

"Marahaba, mwanangu. Hapa pananitosha."

Salama akatandaza leso. Macho ya bibi yakaenda kwenye yale maua yasirudi. Mpunga wakapatana upesi, bila hata kugombana, na hilo peke yake lilikuwa ishara mbaya. Buya akanyoosha mkono wake mrefu.

"Hii haipimwi, Buya," Salama akasema. "Inahesabiwa. Sita."

Mkono wa Buya ukabaki hewani umekosa kazi. Salama akakata kwenye mstari, akakunja, akatoa. Bibi hakupokea.

"Na kiganja changu?"

"Leso haina kiganja, mama. Nikikata kiganja naiharibu ya saba."

"Kumbe nguo imekuwa nzuri, mwenye nguo ameharibika," bibi akasema, akageuka kurudi mtoni.

Neno hilo lilimchoma Salama. Kwanza alikasirika, akamwita kichwani majina ambayo hayasemwi kwa mtu mzima. Kisha akaona wanaume kwenye mitumbwi wanashika makasia. Akakata leso ya saba, nzima, akakimbia nayo hadi ukingoni na mkasi mkononi.

"Mama, chukua. Hii yote yako."

"Sikuomba sadaka," bibi akasema. "Mpunga ninao. Nilitaka uniwekee mkono wako kwenye nguo yangu, kama siku zote."

Salama akachutama pale pale kwenye matope. Akaitandaza leso gotini, akalaza kiganja chake kifupi juu ya ua jekundu, akakata katikati ya ua. Roho ilimuuma kuliko angekata kidole. Bibi akalipokea lile pande jembamba, akalifunga mkononi, akaligeuza geuza kulitazama.

"Sasa lete zangu sita," akasema.

Ushungi wa Salama ulikuwa umeteleza ukaangukia matopeni, haufai tena. Akajifunga kichwani ile leso iliyokatwa, upande mmoja mfupi, sikio nje, akapanda kurudi dukani, na njiani akaukunja ule mkeka akautupa pembeni. Buya akawapigia wenzake kelele kwamba kiganja bado kipo.

Wakashuka. Duka likajaa matope na ubishi. Buya alipewa kazi ya kuhesabu sita sita, akahesabu kwa mbwembwe kama anapima. Kila mwanamke aliyenunua alidai kiganja chake, na Salama hakuwa tayari kuharibu leso nyingine. Alikuwa akiivua ile ya kichwani, analaza mkono, anakata, anajifunga iliyobaki. Wala msidhani alikuwa mjinga. Safari iliyofuata alitenga leso za kukatwa viganja, na gharama yake alikuwa amekwisha kuitia kwenye bei ya mpunga. Tena alirudi na jora moja la kaniki kwa ajili ya Darmi.

Lakini siku ile, jua lilipofika utosini, leso ya kichwani ilikwisha. Muuza nguo mkubwa wa Kilelengwani alisimama mbele ya watu kichwa wazi, mkono mmoja juu ya nywele zake, mwingine unapokea mpunga, na haya zimemshika.

Mwanaarusi alikuwa bado yupo, amekaa ndani na matope yake. Akainuka. Akavua kaniki kuukuu ya mabegani mwake, iliyopauka kwa jua la mashambani, akamtanda Salama kichwani na kuikaza vizuri chini ya kidevu.

"Vaa hii, mwanangu," akasema. "Dukani kwako hakuna."