Maji Mkono wa Kushoto

Baba yangu alipoiona baiskeli yangu mara ya kwanza, aliizunguka mara mbili akitafuta keria. Tulikuwa kwenye maegesho ya nyumba yetu ya kupanga, Okolona, kusini mwa Louisville, naye alikuwa ametoka kazini Jeffersontown, bado amevaa vile viatu vya ghalani vyenye chuma puani. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kukubali. Akashika usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, hakukubali. Kisha akauliza mzigo unakaa wapi.

Nikamwambia hii ni baiskeli ya kupandia vilima kwenye njia za changarawe. Haibebi kitu.

"Bon," akasema kwa Kifaransa chake cha Kivu. "Donc unapanda mlima, unashuka, mikono mitupu. Na kule juu nani anakungoja?"

Mama alicheka kutoka dirishani. Swali liliniudhi, kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye ninayejulikana kwa kuuliza watu maswali wasiyo na majibu yake. Mchungaji wetu ananikwepa mlangoni mwa kanisa.

Kabla hatujakimbia vita, baba alikuwa msukuma kinga. Ndivyo watu wa kwetu wanavyoiita baiskeli. Aliteremsha magunia ya viazi kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini hadi soko la chini, halafu akapandisha chumvi na sabuni. Haikuwa kazi ya kukaa juu ya kiti na kukanyaga. Alifunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuuongoza akiwa ubavuni, mkono wa pili akaukaza nyuma ya mzigo, akasukuma siku nzima. Mpaka leo bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto. Haya yote niliambiwa na mama. Baba mwenyewe hakuwahi kunieleza lolote kuhusu njia ile, ambayo ndiyo tuliyopita tukikimbia nikiwa na miaka mitatu. Nilipokuwa chuoni Columbus, mwalimu alitaka tuandike safari ya familia. Nikampigia baba.

"Tulitembea," akasema.

Nikamwomba aongeze kidogo.

"Tulitembea sana."

Niliandika aya mbili kwa kutazama ramani ya maktaba. Nikapewa alama nzuri, nikajisikia mwizi.

Mimi mwenyewe sikumbuki chochote. Kumbukumbu yangu inaanzia kambini, kwenye tope, na plastiki ya hema ikipigwapigwa na upepo. Ndiyo maana sikuamini hamu iliyokuwa ikinijia. Nilipokuwa nikiishi kwa shangazi, Reynoldsburg, karibu na chuo, nilianza kuendesha kwenye njia iliyokuwa ya reli zamani. Reli zilikwisha kung'olewa, ikabaki changarawe na miti. Kila njia ilipoinuka kidogo, nilikazana kukanyaga kana kwamba niko karibu kufika mahali. Mahali gani? Mtu anawezaje kutamani asichokumbuka? Nilijiambia labda nimerithi tu, kama wengine wanavyorithi kisukari. Labda ni nyimbo za kwaya zilizonitia milima kichwani. Kisha nikapata kazi Buffalo, mji uliolala kama meza. Pale unafuata njia ya kando ya mfereji saa nzima bila kubadili gia. Wakati wa theluji baiskeli ilitundikwa ukutani juu ya kitanda changu, nami nililala chini yake nikitazama kwenye simu picha za vilima vya Italia na njia zake nyeupe ambazo magari hayapiti. Nililimbikiza siku zangu za likizo kwa miaka miwili. Nikaenda peke yangu.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Tangu asubuhi nilikuwa nimekutana na mtu mmoja tu, mzee aliyekuwa akiosha kreti za zabibu kwa mpira wa maji, akaninyunyizia kidogo miguuni, tukacheka bila lugha. Baada ya hapo, kimya. Changarawe ikisagika chini ya tairi, mjusi akikimbilia ukutani, basi. Saa tisa alasiri nikasimama chini ya mlima mmoja mrefu nikapiga simu ya video nyumbani. Okolona ilikuwa saa tatu asubuhi. Baba alikuwa tayari amevaa suti ya kanisani, anamsubiri mama kama kila Jumapili.

Nikageuza kamera, nikamwonyesha njia yote inavyopanda. Nilitaka asifu.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna watu, na huo ndio uzuri wake. Watu wanatoka mbali kuja kutafuta kimya hiki.

"Mchana, jua linawaka, njia nzima hakuna mtu. Hata mtoto. Rudi ulikotoka."

"Baba, hapa ni Italia."

Alisema amesikia. Akaniamuru nielekeze simu chini nitafute mavi ya ng'ombe. Nilidhani anatania, lakini uso wake haukuwa wa utani. Njia yenye mavi mabichi, akaeleza, ni njia ambayo watu wamepitisha mifugo asubuhi, kwa hiyo unaweza kwenda. Mavi yakiwa makavu, wenyewe wamehama na ng'ombe wao, na hawakuhama bure. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kunifundisha kuhusu kazi yake. Nikashuka kwenye baiskeli, nikaanza kupanda nikiisukuma kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, nikitafuta mavi nchini Italia, na shahada yangu ya chuo kikuu.

Nikayapata baada ya hatua mia hivi.

"Gusa na kijiti," baba akasema.

Nikagusa. Ndani yalikuwa ya kijani, yanang'aa.

"Bon. Endelea."

Sauti ya mama ikasikika ikiuliza wanaume hawa wanatazama nini. Baba akamjibu kwamba wanatazama mavi. Mama akasema ibada inaanza baada ya nusu saa, na kama Bwana akirudi leo atawakuta baba na mwana kwenye mavi.

Mbele kidogo ng'ombe wenyewe walikuwa nyuma ya uzio, weupe, wazito, wanatafuna. Baba akaisogelea simu hadi nikawa naona paji lake la uso tu.

"Pembe fupi," akasema. "Lakini wameshiba."

Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kazini. "Usipande juu ya kinga. Sukuma. Mkono wa kulia uweke kwenye kiti. Hapo mbele kuna kona. Ukiipita, mkono wa kushoto iko maji, yanatoka kwenye jiwe. Hapo ndipo tunapumzika."

Nilisimama. Niliogopa. Nikamwambia tena, polepole, kwamba hapa ni Italia.

"Najua ni Italia. Mimi siko mjinga. Sukuma."

Nikaichomeka simu kwenye shati kifuani, nikasukuma, naye akaongea. Hapa mama mmoja aliuza mahindi ya kuchemsha. Hapa msukuma mwenzake aliangusha gunia, viazi vikabingirika hadi bondeni, watoto wakala wiki nzima. Na hapa, siku ile ya kukimbia, tuliacha njia tukaingia msituni, na kinga haipiti msituni, akaiegemeza kwenye mti kama mtu atakayerudi jioni. Mama alikuwa amechoka, kwa hiyo baba akanibeba yeye. Maisha yangu yote nilidhani nilitoka nikiwa mgongoni mwa mama.

"Ulikuwa mzito," akasema. "Mzigo wangu wa mwisho kwenye njia ile ni wewe."

Nikaukaza mkono nyuma ya kiti, nikasukuma.

"Umefika kwenye kona?"

Nilikuwa nimefika. Simu ilikuwa kifuani, kamera imenielekea mimi, hakuweza kuona mbele. Ningeweza kusema ndiyo, maji yapo. Neno moja tu. Nikaipita kona. Kulikuwa na ukuta wa mawe makavu, miiba yenye matunda meusi, na vumbi. Nikachungulia hadi nyuma ya ukuta, sijui kwa nini.

"Unayaona?"

"Hapana, baba. Hakuna maji."

Nilisikia funguo za gari mikononi mwa mama, na mlango ukifunguliwa.

"Ni kiangazi," akasema mwishowe. "Kaa hapo hata hivyo. Upumzike."

Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakaa. Yeye pia akakaa, na suti yake, kwenye ngazi za nje. Mama alisimama nyuma yake na mkoba wake na Biblia, na mara hii hakumharakisha.

Sasa niko Buffalo na baiskeli iko ukutani. Hamu haijapungua, ila sasa ina kona, na ina jiwe, na siwezi tena kusema ni jiwe la wapi. Wiki iliyopita baba alinipigia akauliza kama kule mvua imenyesha. Sikumuuliza kule wapi. Nilitafuta kwenye simu hali ya hewa ya ile sehemu ya Italia, nikamwambia ndiyo, siku tatu mfululizo.