Sauti niliyoikata kwenye kanda ya Mama Zuhura

Washkaji, nimefukuzwa sokoni Nachingwea na wimbo wangu mwenyewe!

Mnajua marapa wa Marekani wanavyokata kipande cha sauti kwenye nyimbo za zamani za soul, wanakirudiarudia, halafu wanachana juu yake. Nikasema, mimi nashindwa nini? Shule niliishia form two, masikio yakaendelea.

Soul sina. Nikaazima, bila kuomba, kanda kuukuu ya Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu. Kuna mwanamke anaimba Kimwera humo, sauti tamu balaa! Kimwera changu ni cha kununulia mihogo tu, lakini biti likatoka kali.

Leo nikaliweka kwenye spika za kibanda cha CD. Nikakunja mikono, nasubiri sifa.

Soko zima likanigeukia.

Wauza ufuta wakajifunika kanga usoni. Wengine wanacheka hadi machozi. Bibi mmoja kanirushia muhogo, na ana shabaha huyo!

Mama Zuhura akaja mbio, akachomoa waya.

"We mtoto! Huo wimbo wa unyago! Wanafundishiwa wari, mabinti waliovunja ungo, huko ndani, mwanaume haruhusiwi hata kuusikia!"

"Kwani anasema nini, mama?"

"Thubutu kuuliza tena!"

Nikatoka mbio hadi barabarani.

Maana asubuhi nimempa kondakta wa basi CD nyingine ya wimbo huohuo, ikafungulie harusi ya dada yangu Ruangwa jioni hii. Wakwe Wamwera watupu, na wamewekwa mbele karibu na spika.

Natafuta lori hapa. Mlioko Ruangwa, nawaombeni, mshikeni DJ mikono!