Mupunga Niliofungia mu Nyumba

Wandugu, kosa ni yangu. Pombe sikuwa nimekunywa, na hakuna mutu alinisukuma. Niliua imbwa ya mutoto wangu na hii mikono yangu.

Wakati wa vita, hapa Kindu, kutwanga mupunga inje ilikuwa kuwaita maaskari. Mukubwa wangu, ndugu aliyenitangulia kuzaliwa, alitwanga inje siku moja tu. Walifuata sauti ya kinu, wakamupasua kichwa na kitako ya bunduki, wakabeba beseni ya mupunga. Tangu pale mimi naweka magunia mu nyumba, natwanga mu nyumba, mulango umefungwa. Vita iliisha, mimi sikuacha.

Sasa Bijou, imbwa ya binti yangu Furaha, akaanza kujikuna hata damu inatoka. Nikasema ni upele. Nikamupakaa mafuta machafu ya moteri juu ya vidonda. Alilia vibaya sana.

Furaha akamupeleka kwa muganga wa nyama, ule daktari wa mifugo. Alirudia na maneno: ngozi ya Bijou inakataa vumbi ya mupunga. Magunia yatoke, chini tupanguse na kitambaa ya maji, matambara anayolalia tufue na maji ya moto.

"Imbwa njo itanifundisha kukaa mu nyumba yangu?"

"Papa, hata sisi tunakohoa."

Nilikataa. Kisha siku moja nikatoka ku shamba, Mikelenge, nikakuta magunia yote inje, nyumba imeoshwa, kinu iko mbele ya njia, watu wote wanaona. Woga ulinishika, na hasira juu yake. Nikakamata muchi, nikamupiga Furaha ku mukono. Nilisikia mufupa ukivunjika.

Bijou akaruka katikati yetu. Nikamupiga yeye. Aa, nilimupiga mbaya, nikaendelea hata alipokuwa amekwisha kufa. Majirani njo walinivuta.

Leo Furaha anakaa kwa shangazi yake, mu komini ya Kasuku. Akitaka kumusalimia mama yake, anauliza kwanza kwa jirani: "Papa iko?" Nikiwa mule, anarudia kwa shangazi.

Juzi tulikutana ku mulango. Nikanyosha mukono nimusalimie. Akafunika kichwa.

Wewe unayesoma, muganga akisema vumbi itoke, utoe, hata kama ni kwa sababu ya imbwa tu. Na kama uliona vita, ujichunge sana na watu wa nyumba yako. Mimi nilikimbia maaskari miaka yote ile, na leo mutoto wangu ananikimbia mimi.