Pua ya Dobi

Mume wangu alikuwa akipiga pasi usingizini. Akijilaza baada ya chakula cha mchana, mkono wake wa kulia ulianza kusafiri juu ya shuka, taratibu, ukienda na kurudi, ukitulia kidogo kwenye kona kama alivyozoea kutulia kwenye ukosi wa koti. Nilicheka mpaka kitanda kikatikisika. Nikimwamsha namuuliza, "Baba watoto, leo umenyoosha suti ya nani?" Naye, macho bado yako huko alikotoka, ananijibu bila wasiwasi, "Ya yule karani mrefu. Yuko mlangoni anaisubiri." Karani mrefu alikuwa ameshazikwa, tena na suti hiyo hiyo.

Sikujua kwamba ugonjwa ulikuwa unapiga hodi. Nani angejua? Mtu akifanya kazi hata akiwa amelala, watu humsifu.

Alikuwa dobi wa suti. Si dobi wa maji na sabuni. Hao aliwasalimia kwa heshima, lakini moyoni aliwaona waosha masufuria. Yeye alifua kwa dawa, kimiminika kinachotoa mafuta na jasho kwenye sufu bila tone la maji. Chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa duka: mashine kubwa yenye mlango wa kioo wa duara, reli ya kutundikia nguo, meza ya pasi, na dirisha moja lililokwama tangu tuhamie. Nyuma ya duka, pazia. Nyuma ya pazia, sisi.

Ile dawa ilikuwa na harufu tamu. Ilitufuata kitandani, ikaingia kwenye chai na kwenye nywele za watoto, na wageni wakasema nyumba yetu inanukia usafi. Mchana wa joto, mashine ikizunguka, chumba kizima kilikuwa kama kinaelea. Makoti yalitikisika polepole kwenye reli bila upepo, mchana ukarefuka, na mteja angeweza kusimama pale akasahau alichokuja kuchukua. Mimi nilishona vifungo kitini pangu nikisinzia, nikidhani huo ndio utulivu wa ndoa.

Koti halikutoka dukani bila kupita puani mwake. Alilifungua, akaingiza uso kwapani, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Akisikia dawa bado imo, alilirudisha kwenye reli. Wateja walimwita Bwana Pua, naye sifa zikampanda kichwani. Uchafu mweusi uliobaki ndani ya mashine aliumwaga uani, nyuma ya choo, na pale hata magugu yakakataa kuota. Siku moja nilimuuliza mbona hapaoti kitu. "Si afadhali?" akasema. "Umepunguziwa kazi ya kufagia." Nikaona mume wangu ana akili.

Kitinda mimba wetu aliirithi pua hiyo, nasi tukamwita Kipua. Alianzia kutambaa chini ya reli, miguu ya suruali ikimpapasa kichwani. Kabla hajajua kusoma alishajua kunusa koti na kutoa hukumu: "Baba, bado." Wala hakukosea. Wakubwa zake walikwenda zao kutafuta maisha, lakini baba yao hakujali. "Wenzangu wanarithisha mashamba," alikuwa akijigamba. "Mimi narithisha pua."

Pua ya mume wangu ndiyo iliyotangulia kufa. Bwana harusi mmoja alikabidhiwa suti ambayo bado ilikuwa na unyevu wa dawa, akayumba mbele ya mashahidi wake, watu wakapiga vigelegele wakisema ni mapenzi. Mapenzi gani! Dobi wake alikuwa amenusa asisikie kitu, na kwake kutosikia kitu kulimaanisha nguo imekauka. Baadaye kidole gumba kikaanza kucheza chenyewe, kama kinaviringisha uzi. Hatua zikawa fupi. Uso ukakakamaa, nikadhani amenuna, na mimi kwa kununa sishindwi, basi tukakaa nyumba moja tumenuniana bila ugomvi.

Daktari alikuwa binti wa umri wa watoto wangu. Alimwambia agonganishe vidole, akamtembeza ukumbini, akauliza kazi yake, kisha akauliza kama bado anasikia harufu. Alisema ugonjwa huo unaitwa Parkinson: chembe za ubongo zinazoongoza mwendo zinakufa kidogo kidogo.

"Ni ile dawa?" nikamuuliza.

"Mama yangu, kwa mtu mmoja mmoja siwezi kukuapia," akasema. "Ila baadhi ya dawa za namna hiyo zimehusishwa na ugonjwa huu. Na wapo wanaoacha kusikia harufu miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Nani yuko dukani sasa?"

Dukani alikuwa Kipua. Aliacha kibarua chake kizuri baba yake alipoanza kuanguka. Nilirudi nyumbani nikaitazama ile mashine kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemlisha miaka yote, kumbe mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema itoke leo leo. Wakanigeukia wote wawili.

"Mama, tutakula nini?" akasema Kipua. "Nitabandua hilo dirisha, nitavaa barakoa."

"Mwache mtoto," akasema baba yake kwa ile sauti yake iliyokuwa inazidi kufifia. "Pua yake ni nzima."

Nilishindwa. Nilikasirika, nikalia jikoni, lakini nilishindwa.

Kisha ikaja alasiri moja ya joto. Mashine ilikuwa imesimama, mwanga umelala sakafuni, mume wangu amekaa kitini anasinzia, mkono unanyoosha goti lake. Mimi nilikuwa kwenye pazia namenya vitunguu. Kipua alitoa koti la kijivu, akaingiza uso kwapani, akafumba macho kama baba yake.

"Limekauka," akasema.

Utamu ule wa dawa ulikuwa umenifikia mimi, mpaka kwenye pazia, juu ya vitunguu vyangu. Mimi ambaye pua yangu haijawahi kusifiwa na mtu.

"Nusa tena," nikamwambia.

Akanusa. "Mama, limekauka, nakwambia."

Mume wangu aliamka. Akanyoosha mkono unaotetemeka, akashika bitana ya koti, akaiona baridi na mbichi. Alimtazama mwanawe. Uso wake ulikuwa umesahau kulia, haukukunjamana popote, lakini machozi yalishuka.

"Nina mafua tu, baba," akasema Kipua.

"Funga duka."

"Mteja anakuja jioni..."

"Mwanangu, funga. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba mtoto yeyote kitu, alikuwa akiamrisha. Kipua akafunga.

Mashine imeondoka, na dawa iliyosalia imechukuliwa kwenye mapipa yenye vifuniko. Mume wangu alikataa katakata imwagwe uani. Tumehamishia kitanda chumba cha mbele, chini ya dirisha linalofunguka. Kipua sasa ni dobi wa maji na sabuni, na baba yake akimsikia anasugua anatabasamu kwa macho, maana mdomo hautii tena. Bado anapiga pasi usingizini. Bado karani mrefu anasubiri mlangoni.

Kila asubuhi namfunga Kipua kitambaa machoni, namsogezea kitu puani. Mafua yaliisha zamani. Kahawa anaipata, siku nyingine haipati. Juzi nilikata chungwa, nikalishika karibu kabisa na midomo yake. Alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Chungwa," akasema.

Nilimkumbatia nikicheka kwa sauti. Akafungua kitambaa, akalitazama lile chungwa mkononi mwangu, na furaha ikamtoka usoni.

"Mama," akasema, "sijui kama nimelisikia, au nimelikumbuka tu."

Nikamfunga kitambaa tena, nikakata kitunguu.