Shangazi Viza na Kimeng'enya Kilichozimia

Nyumbani walimwita Shangazi Viza, maana kila jioni alirudi kutoka maabara akinuka kama yai viza, yaani bovu, na utani huo alikuwa akiucheka.

Siku hiyo hakucheka. Kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi za kikemia mwilini, alichokitoa kwenye ini kwa jasho la mwaka mzima kilitiwa dawa yenye zebaki, kikaacha kazi.

"Kimekufa, dada. Tukimwage," mwenzake wa maabara alisema.

"Hebu ngoja! Kufa na kukabwa ni mambo mawili. Zebaki imeing'ang'ania salfa yake tu."

Akafungua kichupa kinachonuka, chenye salfa tele, akadondosha tone kwenye kimeng'enya ili zebaki ihamie kwenye salfa hiyo. Wakasubiri roho mkononi. Polepole rangi ya manjano, dalili ya kazi yake, ikajitokeza: kimeng'enya kilikuwa kimerudi kazini.

Mwenzake akaziba pua. "Kumbe uviza wako una baraka!"